Kuchapa picha kwa kipimo kamili nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wa Kisumu, Kakamega, Nakuru na miji ya katikati walionunua printa ndogo ya matangi ya wino, wakaiweka sebuleni, kisha wakashangaa kwamba picha waliyoipanga iwe milimita 35 kwa 45 imetoka 34 kwa karibu 44. Mara nyingi printa haina kosa. Kati ya simu na karatasi kuna programu mbili au tatu, na kila moja inajipa kazi ya kusaidia: hii inabana kidogo, ile inatanua kidogo. Ukisoma majibu yote utaona yanarudi palepale: ukubwa uamuliwe mahali pamoja tu, na kwingine kote pabaki asilimia 100.

Picha iliyo kwenye simu yangu ina sentimita ngapi?

Haina hata moja. Ina pikseli. Sentimita huzaliwa wakati wa kuchapa, pale unapoamua pikseli ngapi zikae ndani ya inchi moja ya karatasi. Chukua kamera ya megapikseli 12, ambayo hutoa picha ya takriban pikseli 4000 kwa 3000. Ukiweka pikseli 300 kwa kila inchi, upande mrefu utakuwa inchi 13.3, yaani karibu sentimita 34. Ukiweka 600, faili ileile inashuka hadi sentimita 17. Hesabu yenyewe ni hii: gawanya pikseli kwa idadi ya pikseli kwa inchi, kisha zidisha kwa milimita 25.4.

Kuna watu hufungua sifa za faili, wakaona imeandikwa 72, wakadhani picha imeharibika. Nambari hiyo ni pendekezo tu lililoandikwa ndani ya faili. Haipunguzi pikseli hata moja, na unaweza kuibadilisha bila kugusa picha.

Basi pikseli ngapi zinatosha?

Kwa picha ya kushikwa mkononi, 300 kwa inchi ndicho kiwango cha kawaida. Kwa hiyo picha ya inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1200 kwa 1800, A4 nzima inataka 2480 kwa 3508, na ile ndogo ya milimita 35 kwa 45 inaridhika na 413 kwa 531. Ukishuka hadi 200, watu wengi hawatatambua. Kwa picha ya ukutani inayotazamwa kutoka upande wa pili wa sebule, 150 inapita bila lawama.

Usichanganywe na 5760 au 4800 iliyoandikwa kwenye boksi la printa. Hayo ni matone ya wino, na inahitaji matone mengi kutengeneza rangi ya pikseli moja. Kuandaa picha ya pikseli 5760 kwa inchi ni kuichosha kompyuta bure.

Nimeweka vipimo sawasawa. Kwa nini picha inatoka ndogo kidogo?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na sababu zake ni mbili ambazo hupenda kutembea pamoja.

Ya kwanza ni chaguo la "Fit to page", au "Shrink oversized pages" kwenye kisomaji cha PDF. Printa za nyumbani haziwezi kuchapa hadi ukingoni kabisa. Zile za wino huacha pambizo ya milimita 3 hivi, za leza mara nyingi huacha zaidi. Programu ikiona ukurasa wako umefika kwenye pambizo hiyo, hata kwa nafasi nyeupe tu isiyo na kitu, inabana ukurasa mzima ili uingie. Hakuna onyo. Karatasi inatoka nzuri, picha inavutia, ila kila kitu kimepungua kwa asilimia tatu au nne. Dawa ni kuchagua "Actual size", au kuandika 100 kwenye kisanduku cha asilimia.

Ya pili ni karatasi ya Marekani. Huko wanatumia Letter, ambayo ni milimita 216 kwa 279. Sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Kompyuta ikiwa imewekwa eneo la Marekani, na nyingi zinatufikia hivyo hasa zile zilizotumika, programu hupendekeza Letter yenyewe. Unaandaa kazi kwenye Letter, printa inajua ina A4, inabana upana wa 216 uingie kwenye 210. Hapo umepoteza karibu asilimia 3: ile 35 kwa 45 imekuwa 34 kwa 43.8, na ile ya milimita 51 imeshuka chini ya 50. Ukipima na kukuta upungufu wa aina hii, mshuku Letter kabla ya kumshuku mtu mwingine yeyote.

Karatasi hutajwa mahali patatu: kwenye ukurasa wa programu, kwenye dirisha la kuchapa, na kwenye mipangilio ya printa yenyewe. Pote patatu lazima pasome A4. Baadhi ya printa zina kioo kidogo kinachouliza ni karatasi gani umeweka kwenye trei. Hapo pia usijibu kwa haraka.

Nitajuaje kama printa yangu ni mkweli?

Chora mraba wa milimita 100 kwa 100, uchape kwa asilimia 100, upime. Unaweza kuuchora kwa LibreOffice au Word kwa kuingiza umbo la mraba na kuandika sentimita 10 pande zote mbili. Pima kwa rula ya plastiki ngumu au ya chuma, ukianzia kwenye alama ya sifuri. Rula nyingi za shule zina kipande kidogo kabla ya sifuri, na hicho kipande peke yake kinaweza kukupa milimita 2 au 3 za uongo.

Ukipata 100 pande zote, au ukakosa kwa nusu milimita, acha printa ipumzike. Ukipata 97 pande zote, kuna mahali panabana. Rudi kwenye swali lililotangulia. Ukipata 100 upande mmoja na 99 upande mwingine, hiyo ni mizunguko ya roli zinazovuta karatasi, na hutokea zaidi ukibadilisha unene wa karatasi bila kuiambia printa.

Kuna wanaoponya upungufu kwa kuandika 103 mahali pa 100. Inafanya kazi, lakini siku utakapotumia programu nyingine, picha itatoka kubwa na hutakumbuka kwa nini. Mimi hutafuta chanzo kwanza. Asilimia ya kurekebisha ni ya printa iliyogoma kabisa kusikia.

Nitumie programu gani?

Yoyote inayokuruhusu kuandika milimita kwa mkono. Programu ya picha inayokuja na Windows ni nzuri kwa kutazama, lakini kwa kipimo kamili inakupa orodha ya ukubwa uliopangwa tayari na tabia ya kukata picha ijaze fremu. Ukikuta kisanduku cha "Fit picture to frame", ondoa alama.

LibreOffice Writer ni ya bure na inatosha kwa watu wengi. Weka ukurasa wa A4, ingiza picha, fungua sehemu ya mahali na ukubwa, andika upana na urefu. Kama uwiano umefungwa, andika upande mmoja tu, mwingine ujifuate wenyewe. Word hufanya vilevile, ila ina mazoea ya kupunguza pikseli za picha unapohifadhi, na hilo huzimwa kwenye mipangilio ya hali ya juu. IrfanView ina dirisha la kuchapa lenye nafasi ya kuandika upana na urefu moja kwa moja. Kwa picha moja ya haraka hakuna njia fupi kuliko hiyo. GIMP ni kwa anayetaka kukata, kusafisha mandhari na kupanga picha nyingi, na ina ukurasa wa kuweka ukubwa wa kuchapa bila kubadilisha pikseli.

Ukimaliza, hifadhi kama PDF. Ndani ya PDF ukubwa umefungwa pamoja na ukurasa, na kinachobaki ni kuhakikisha anayechapa hajabana. Picha ya JPEG ikitumwa peke yake, kila programu itaipa ukubwa inaoutaka.

Sina kompyuta, nina simu tu. Inawezekana?

Inawezekana, ila usichape kutoka kwenye galari. Galari inajua jambo moja tu: kujaza karatasi. Fungua programu ya kuandikia kwenye simu, weka ukurasa wa A4, ingiza picha, upe vipimo, utoe PDF. Kisha fungua PDF hiyo kwa programu ya printa yako na uangalie onyesho la awali. Programu kadhaa za simu hubana zenyewe na hazikuonyeshi asilimia, kwa hiyo weka kwenye kona ya ukurasa mstari wa sentimita 5. Ukipima mstari huo baada ya kuchapa, umepima kila kitu kilicho juu ya karatasi.

"Passport size" ni ngapi hasa?

Inategemea anayeitaka. Hapa kwetu neno hilo hubeba picha mbili tofauti, na fomu ya basari haijali sana ni ipi. Ubalozi unajali.

Viza ya Marekani inataka inchi 2 kwa 2, yaani milimita 51 kwa 51, mandhari meupe, na kichwa kutoka kidevuni hadi utosini kiwe kati ya milimita 25 na 35. Uingereza na nchi za Schengen zinatumia 35 kwa 45. Uingereza inataka kichwa cha milimita 29 hadi 34, Ujerumani 32 hadi 36. Kwa hiyo kukata karatasi sawasawa hakutoshi. Unaweza kuwa na 35 kwa 45 isiyo na kasoro, halafu uso ndani yake ukawa mdogo kwa sababu mpigapicha alisimama mbali. Baada ya kuweka picha kwenye ukurasa, pima uso kabla ya kuchapa: chora mstari wa milimita 33 kando yake na ulinganishe.

Kuhusu idadi kwenye karatasi moja: A4 inabeba 25 za milimita 35 kwa 45 kwa raha, tano kwa tano, na nafasi ya mkasi ikabaki. Karatasi ya 4 kwa 6 ikilazwa inabeba 8, nne juu na nne chini, kwa kubanana. Zile za milimita 51 zinadanganya. Kwa hesabu ya darasani, 4 kwa 6 inabeba sita bila kubakisha kitu. Ukishaondoa pambizo ya milimita 3, zinaingia mbili tu. A4 inabeba 15.

Na kama ombi linafanyiwa mtandaoni na wanataka faili, usichape kabisa. Watu huchapa, wakaskani walichochapa, wakatuma picha mbaya kuliko ile iliyokuwa kwenye simu.

Si ningechapa bila pambizo, sita zikaingia?

Hapana. Uchapaji usio na pambizo hufanya kazi kwa kutanua picha ipite kidogo nje ya karatasi pande zote, ili karatasi ikivutwa vibaya isibaki na mstari mweupe. Maana yake kila kilicho ndani kimekua. Kwa picha ya harusi hutaona tofauti. Kwa picha ya viza, 51 imeshakuwa 52 na kitu, na zile za pembeni zimeliwa.

Printa kadhaa za Epson na Canon zina kitelezi cha kupunguza mtanuko huo, lakini ukipunguza kabisa unarudisha hatari ya mstari mweupe. Kwa kazi ya kipimo, acha pambizo.

Kwa nini 4 kwa 6 hukata watu vichwa?

Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3. Karatasi ya 4 kwa 6 ni uwiano wa 3 kwa 2, mrefu zaidi. Lazima kitu kiondoke: aidha unakata juu na chini, au unakubali mistari mieupe ubavuni. Printa ikiachiwa uamuzi, itakata katikati bila kujali kwamba shangazi amesimama nyuma kabisa na kilemba chake kimegusa ukingo wa juu. Kata mwenyewe kwanza, ukiwa umefunga uwiano wa 3:2. Usivute picha ijae. Sura za watu zitapanuka kama ugali uliokandamizwa.

Tuna picha ya marehemu iliyotumwa WhatsApp, na fremu ni ya inchi 8 kwa 10. Itakuwaje?

Swali hili huja usiku, matanga yakiwa yameshaanza, kwa hiyo jibu kwa mpangilio wa haraka.

Kwanza, mtafute aliyeipiga. WhatsApp hupunguza picha inayotumwa kwa njia ya kawaida, mara nyingi upande mrefu ukabaki na pikseli 1600 hivi. Mwombe aitume tena kama dokumenti, si kama picha, na faili itafika nzima. Dakika tano za simu zina faida kuliko saa mbili za kujaribu kunoa picha iliyokwisha kufifia.

Asipopatikana, usikate tamaa. Picha ya 1200 kwa 1600 ikikatwa kwa uwiano wa 4:5 inabaki 1200 kwa 1500, na kwenye 8 kwa 10 hiyo ni pikseli 150 kwa inchi. Waombolezaji wataiona wakiwa hatua kadhaa kutoka mezani. Itafaa. Kwenye kijitabu cha mazishi, ambacho hushikwa karibu na macho, ichape ndogo zaidi, tuseme upana wa sentimita 10, na itaonekana kali.

Pili, inchi 8 ni milimita 203. A4 ina 210. Inabaki milimita 3 na nusu kila upande, kwa hiyo printa ya wino yenye pambizo ya 3 itaimudu, ila picha iwe katikati ya ukurasa kabisa. Printa ya leza inaweza kula ukingo.

Tatu, pima kioo cha fremu, si mbao. Na kumbuka mdomo wa fremu hufunika milimita kadhaa kila upande, kwa hiyo usiweke jina na miaka ya marehemu karibu na ukingo. Ukimpelekea fundi wa fremu picha kabla hajakata mbao, shida hii haipo. Atakata kufuata picha.

Karatasi ina uhusiano gani na kipimo?

Zaidi ya watu wanavyodhani. Karatasi hunywa unyevu na kutanuka kidogo, na Kisumu karibu na ziwa, msimu wa mvua ndefu, karatasi iliyoachwa wazi hujikunja pembe. Pembe iliyojikunja hugusa kichwa cha printa, karatasi inasogea, mraba wako unapinda. Toa unazotaka kutumia, zilizobaki zirudi kwenye mfuko wake na ufungwe. Nakuru shida hii ni ndogo.

Iambie printa aina ya karatasi. Ukichapa kwenye karatasi ya kung'aa huku mpangilio ukisema ni karatasi ya kawaida, wino hautakaa vizuri na utachafuka ukiguswa. Na karatasi ya picha iliyotengenezwa kwa wino usiiweke kwenye printa ya leza: joto la ndani linaweza kuyeyusha utando wake ukanata humo.

Naweza kutengeneza beji za stejini kwetu?

Ndiyo. Kadi ya kawaida, sawa na ya benki, ni milimita 85.6 kwa 54. Pima mfuko wa plastiki wa beji kwanza, kisha toa milimita moja kila upande ili kadi iingie bila kukunjika. A4 inabeba kumi: mbili kwa upana, tano kwa urefu. Chora mistari myembamba ya kijivu ya kukatia.

Nataka kunakili picha ya zamani kwa ukubwa uleule.

Skani kwa 300, chapa kwa asilimia 100. Ukitaka iwe mara mbili, skani kwa 600 na uchape kwa asilimia 200. Safisha kioo cha skana kwanza. Vumbi nalo hukua mara mbili.

Stima ikipotea katikati ya kuchapa?

Karatasi hiyo imeharibika, hata kama imebaki robo. Printa ikiwaka tena haiwezi kurudi kwenye mstari uleule, na ukiirudisha karatasi kwa mkono utapata kiungo kinachoonekana. Futa kazi iliyobaki kwenye foleni, vuta karatasi polepole, anza na mpya. Siku za kawaida zima printa kwa kitufe chake, si kwa swichi ya ukutani, ili kichwa cha wino kirudi kwenye kifuniko chake kisikauke.

Sina printa, nikipeleka saiba, nifanyeje wasinibadilishie vipimo?

Peleka PDF kwenye flashi, si picha kupitia WhatsApp ya mhudumu. Jina la faili liseme kila kitu: "A4-asilimia100-usibane". Weka ule mstari wa sentimita 5 kwenye kona, na ubebe rula. Mwombe achape karatasi moja ya kawaida kwanza, upime mstari hapohapo kaunta, ndipo aweke karatasi ya picha ambayo ni ghali. Akikwambia mashine yake haina chaguo la asilimia 100, mwombe afungue PDF kwa programu nyingine badala ya kivinjari. Ikishindikana bado, nenda duka linalofuata. Mjini Kisumu au Nakuru hutatembea mbali.